Gangwon: mkoa mmoja wenye makao makuu mawili

Kila ninapowafundisha wanafunzi kuisoma ramani ya Rasi ya Korea, huwaomba kwanza wanionyeshe mkoa wa Gangwon, na kila mara vidole huelekea mahali pawili. Hawajakosea. Kila moja kati ya Korea hizi mbili inao na kuuendesha mkoa wenye jina hilo. Kusini huandika Gangwon na Kaskazini Kangwon, lakini kwa herufi za Kikorea neno ni lilelile. Liliundwa mwaka 1395 kwa kuunganisha silabi za mwanzo za miji miwili: Gangneung ulio pwani ya mashariki, na Wonju ulio bara.

Jina hilo lina jiografia yote ndani yake. Safu ya milima ya Taebaek inatambaa kutoka kaskazini hadi kusini karibu kabisa na bahari, ikishuka ghafla upande wa mashariki, huku upande wa magharibi ikiteremka polepole kuelekea mito inayolisha mto Han. Wenyeji huita mashariki Yeongdong na magharibi Yeongseo, yaani mashariki na magharibi ya kipito cha Daegwallyeong kilicho mita 832 juu ya usawa wa bahari, na pande hizo hutofautiana kwa hali ya hewa hata kwa lafudhi. Aliyetaka kuugawa mkoa huu kwa kufuata maumbile angeufuata mgongo wa milima. Mipaka iliyougawa kweli imeikatiza milima hiyo.

Wonju ulikuwa makao makuu kwa miaka 500, hadi mikoa ilipovunjwa mwaka 1895. Iliporudishwa mwaka uliofuata, makao yakawa Chuncheon. Kisha mwaka 1945 Marekani na Muungano wa Kisovieti wakaigawa rasi kwa latitudo ya 38, na Chuncheon ukabaki kusini, karibu sana na mstari. Sehemu ya kaskazini ikawa mkoa usio na makao yake. Kwanza yaliwekwa Cheorwon, na mwaka 1946 bandari ya Wonsan ikatolewa mkoa wa Hamgyong Kusini, ulio upande huohuo wa kaskazini, na kufanywa makao makuu ya Kangwon. Naliona hili kuwa jambo zito, kwa maana mji ambao haukuwa wa mkoa huo ndio uliogeuzwa kichwa chake, na hadi leo hesabu rasmi za Seoul zinauweka Wonsan ndani ya Hamgyong Kusini.

Vita vya Korea vilipositishwa tarehe 27 Julai 1953, mstari mpya haukurudi kwenye latitudo ya 38. Upande wa mashariki ulipanda kaskazini, ukaiacha Sokcho, sehemu kubwa ya Inje, Yanggu na Hwacheon, na kipande cha Cheorwon mikononi mwa Kusini, chini ya uangalizi wa Kamandi ya Umoja wa Mataifa hadi Novemba 1954. Mtoto aliyezaliwa Sokcho mwaka 1944 alipitia tawala nne kabla ya kutimiza miaka kumi na moja: ya Japani, ya Kaskazini, ya Kamandi, kisha ya Kusini. Wilaya za Goseong na Cheorwon zipo pande zote mbili, kila upande ukiwa na ofisi zake.

Mabadiliko ya baadaye upande wa Kusini yalikuwa ya kiutawala tu: mwaka 1963 wilaya ya Uljin ilihamishiwa Gyeongsang Kaskazini, mkoa mwingine wa Korea Kusini, na tarehe 11 Juni 2023 mkoa ukapewa hadhi maalumu ya kujitawala.

Anayetaka kuuona mgawanyiko huu kwa jicho aende Cheorwon. Ni uwanda wa lava wenye mashamba ya mpunga, na reli ya kutoka Seoul hadi Wonsan, iliyokamilika mwaka 1914, ilipita hapo. Mji wa zamani ulisagwa na vita. Kilichobaki ni jengo la zege la ghorofa tatu lililokuwa ofisi ya Chama cha Wafanyakazi, chama tawala cha Kaskazini, kuta zake zimejaa matundu ya risasi. Kaskazini zaidi, ndani ya ukanda usioruhusiwa majeshi, yamelala magofu ya mji mkuu wa Taebong, dola aliyoisimamisha Gung Ye mwanzoni mwa karne ya kumi. Mstari wa mwaka 1953 unapita katikati ya magofu hayo, na mgeni aliye kwenye jukwaa la kutazamia upande wa Kusini huonyeshwa kwa kidole tu mahali kuta zake zilipokuwa.