Kompyuta kugomea flashi si mwisho wake

Kompyuta kuukuu ikikosa sehemu ya CD na kukataa kuwaka kwa flashi, wengi huihukumu: hii haiingii Linux (mfumo endeshi wa bure) tena. Si kweli. Kinachogoma ni BIOS, programu ndogo inayotafuta pa kuanzia; mfumo wenyewe haujali ulifikaje kwenye diski. Mimi hupenda njia ya bisibisi: chomoa diski, ipachike kwenye kompyuta nyingine (diski ya kompyuta hiyo itoe kwanza, usije ukaifuta!), sakinisha Debian, mojawapo ya aina za Linux, kisha irudishe. Linux hutambua vifaa upya kila inapowaka. Ila kisakinishi kiwashwe kwa mtindo wa BIOS, si UEFI (mrithi mpya wa BIOS), na prosesa ya biti 32 ipewe Debian 12, ya mwisho kuwa na kisakinishi chake. Kadi ya mtandao ikiwa na PXE, yaani uwezo wa kuwasha kompyuta kupitia mtandao, hata bisibisi haihitajiki: kisakinishi huvutwa kwa waya.