Maji ya Kisima Yakishachujwa, Yanafaa Kunywewa?

Swali: Naishi Kisauni. Masika yakishika, maji ya kisima chetu hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Nikiyapitisha kwenye leso yatatosha?

Mtazame anayechuja nazi. Kifumbu huzuia machicha, lakini tui hupita likiwa jeupe vilevile, maana matone yake ya mafuta ni madogo kuliko matundu. Leso nayo ni hivyo: takataka na viluwiluwi hubaki, udongo laini hupita. Ikunje mara nne, tena chagua kuukuu; nyuzi zilizochakaa huziba matundu. Wala usiidharau. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa 2003 ulikuta vijiji vilivyochuja kwa sari kuukuu vimepunguza kipindupindu kwa asilimia 48, kwa kuwa vijidudu vyake hung'ang'ania vidudu vikubwa zaidi vya majini.

Swali: Jirani ana pipa la mchanga. Mbona nafasi kati ya punje ni kubwa kuliko tope, na maji yanatoka yametakata?

Wengi hudhani mchanga ni chekecheke tu. Chembe kubwa hukwama, kweli. Ndogo hupenya zikipinda huku na huku, zikigusa punje hunata, nyingine hutuama. Ndiyo maana mchanga uwe mwingi na maji yashuke polepole. Baada ya wiki mbili tatu juu yake hufanyika utando wa viumbe hai wanaokula vijidudu. Jirani akiukwangua kila siku eti kwa usafi, anajiharibia. Mwaka 1892 watu wa Hamburg, Ujerumani, walikunywa maji ya mto Elbe bila kuchujwa, kipindupindu kikaua zaidi ya 8,000. Altona, mji wa ubavuni, ulichuja maji ya mto huohuo kwa mchanga, na haukuguswa sana.

Swali: Basi yakitakata ninywe?

Bado. Virusi hupita. Yachemshe mpaka yatokote, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Chuja kwanza, dawa baadaye: tope huila dawa na kuvificha vijidudu.

Swali: Na chumvi ya kisima?

Haichujiki, imeyeyuka. Ukichemsha ndiyo inazidi makali. Hayo fulia nguo, ya kunywa nunua kwa mwenye mkokoteni, nayo uyatie dawa. Mtungi wake hujui umepita wapi.