Eti Wachina baruti yao ilikuwa ya fataki tu? Hebu tuiweke sawa

Hii stori inasambaa sana, eti Wachina waligundua baruti halafu wakabaki wanarusha fataki kwenye sherehe mpaka Wazungu walipokuja kuwaonyesha kwamba kumbe inaua. Jamani hapana. Kitabu cha kijeshi cha China, enzi ya wafalme wa ukoo wa Song, kinaitwa Wujing Zongyao, cha mwaka 1044, kina vipimo vya kuchanganya baruti na ni vya mabomu na silaha za moto, si vya harusi. Mwaka 1232 Wamongolia walipouzingira mji wa Kaifeng walirushiwa mabomu ya chuma yaliyojaa baruti, na kabla ya hapo, 1132 huko De'an, wanajeshi walishakuwa na mikuki yenye bomba linalotema moto, hiyo ndo babu ya bunduki ukitaka. Ulaya picha ya kwanza ya mzinga inayojulikana ni ya 1326, sasa nani alimfundisha nani?

Kinachonichekesha mimi ni chanzo chenyewe. Wataalamu wa Kidao, dini ya jadi ya China, walikuwa wanasaka dawa ya kuishi milele, wanachemsha hiki na kile, na maandishi yao ya zamani yanaonya kwamba kuna watu walichanganya salfa, shura (ile chumvi ya kutengenezea baruti) na asali, ikalipuka wakaungua mikono na nyuso, na nyumba ikateketea yote. Dawa ya kutokufa hiyo!

Haya, karatasi. Shuleni tumekariri kwamba aliyeigundua ni Cai Lun, mwaka 105, basi. Ila huko Fangmatan, mkoa wa Gansu, kwenye kaburi kilipatikana kipande cha karatasi chenye mistari ya ramani, cha karne ya 2 kabla ya Kristo, yaani Cai Lun hata hajazaliwa. Yeye alikuwa towashi wa ikulu ya wafalme wa ukoo wa Han na sifa yake ni kuiboresha, akatumia magome ya miti, matambara, nyavu kuukuu za wavuvi, vitu ambavyo vilikuwa vinatupwa tu, na hiyo si kazi ndogo.

Gutenberg, yule Mjerumani anayesifiwa kwa uchapaji wa vitabu, naye hakuwa wa kwanza kuchapa. Kuna kitabu cha Kibudha kilichochapwa kwa vibao vya mbao mwaka 868, na miaka ya 1040 Mchina mmoja, Bi Sheng, akatengeneza herufi za udongo wa kuchoma, moja moja, unapanga unachapa unapangua. Lakini msikimbilie kusema Gutenberg aliiba, ushahidi wa hilo haujapatikana.

Dira nayo si mabaharia walioianzisha, ilianzia kwa wapiga ramli na wanaotafuta upande mzuri wa kujenga nyumba au kaburi. Baharini imeingia baadaye, karne ya 12 hivi, na meli za Zheng He, amiri wa majini wa China, zilizofika mpaka Malindi karne ya 15 zilikuwa nayo.

Na ile ya msafiri Marco Polo kupeleka tambi Italia kutoka China pia muiache, al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, aliandika habari za tambi za Sicily mwaka 1154, Polo kazaliwa 1254.