Hiyo kauli ya Jomo umeitoa wapi?

Siasa zikianza kupamba moto hapa Kisumu simu yangu inajaa mapicha ya viongozi na maneno makali yameandikwa pembeni, watu wanajua kazi yangu ni kuhakiki nukuu so wananiuliza ni kweli alisema ama ni watu tu. Mimi nawarudishia swali: aliyasema wapi, siku gani, mbele ya nani?

Chukua ile ya wamisionari, ati walikuja na Biblia sisi tukiwa na ardhi, wakatuambia tufumbe macho tuombe, kufumbua tukapata Biblia ni yetu na ardhi ni yao. Hapa kwetu ni ya Jomo Kenyatta na hakuna mjadala. Ukienda Afrika Kusini ni ya Desmond Tutu, na Tutu kweli aliisimulia. Upande wa Jomo naletewa picha kila mwaka, hotuba yenyewe haletwi.

Neno kali linapenda mdomo wa mtu mkubwa. Likisemwa na mtu asiyejulikana halifiki mbali, basi mtu analibandika kwa jina zito na linaanza safari. Uingereza kuna ile ya Churchill kumhusu Clement Attlee, waziri mkuu wa 1945 hadi 1951, kwamba teksi tupu ilisimama pale Downing Street, kwa waziri mkuu, akashuka Attlee, yaani ati ni mtu bure tu. Churchill alipoulizwa alikana kabisa, akamtetea Attlee kwamba ni muungwana aliyeitumikia nchi yake vizuri, na bado mpaka leo watu wanaishea kama yake! Halafu Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, ati alisema maskini wale keki, mwandishi Rousseau aliandika hicho kisa miaka ya 1760, huyo msichana alikuwa bado mtoto kwao Austria, Ufaransa alifika 1770. Tarehe peke yake imemaliza kesi.

Sasa mbona nachukulia hii kitu serious hivi? Kwa sababu ya 25 Oktoba 1969, hapa hapa Kisumu. Kenyatta alikuja kufungua ile hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ndio maana wazee wanaiita Russia, akajibizana na Jaramogi Oginga Odinga mbele ya umati na akatishia kuwasaga watu wa KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi, kama unga. Sauti yake ilirekodiwa, ipo. Walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa, siku chache baadaye Jaramogi akawekwa kizuizini na KPU ikapigwa marufuku. Hayo ni maneno yaliyosemwa kweli na watu wetu walizikwa. Ukiyaweka pamoja na yale ya kubandika, kesho mtu atakuja kukuambia hata hiyo ya 1969 ni stori za mtandao, na utamjibu nini?

Naona sasa inaanza kwa Raila Odinga, mtoto wa Jaramogi, tuliyemwita Baba. Alifariki Oktoba 2025, hawezi tena kuita waandishi akane, na kila mwanasiasa anayetaka kura za huku ana kitu ambacho ati Baba alimwambia. Lakini Baba aliongea hadharani miaka mingi, video za mikutano zimejaa, na aliyoyasema bungeni akiwa mbunge wa Lang'ata, 1992 hadi 2013, yako kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za bunge. Anayedai alisema kitu jukwaani ama bungeni ana pa kutafuta. Alete siku na mahali kwanza, ndio tuongee.