Dawa za Kila Siku Zikiisha Kabla ya Miadi

Mimi ni daktari wa familia katika kliniki ya huduma ya haraka jijini Columbus, Ohio, Marekani, na kila Jumamosi hufika wagonjwa ambao hawaumwi popote, ila dawa zao za presha, sukari au pumu zimeisha huku miadi na daktari wao ikiwa bado wiki kadhaa. Kazi yetu kwao ni kuziba pengo: tunaandika dawa za muda, mara nyingi za siku 30 au pungufu, hadi wamwone anayewatibu siku zote.

Kabla ya kuja na kulipia, pitia kwanza kwenye duka la dawa ulikozoea. Kibandiko cha kichupa huonyesha idadi ya mara ulizobakiza za kujaziwa, na hata ikiwa ni sifuri, mfamasia anaweza kumwomba daktari wako idhini. Hapa Ohio ana nafasi zaidi, kwa sababu ya kisa cha Kevin Houdeshell, aliyefariki Januari 2014 baada ya kukosa insulini wakati wa sikukuu za mwaka mpya, cheti chake cha dawa kikiwa kimekwisha muda na daktari wake hapatikani. Mwaka 2015 jimbo lilipitisha sheria inayojulikana kwa jina lake, inayomruhusu mfamasia kutoa kwa dharura kiasi kikubwa kuliko kile cha saa 72 kilichoruhusiwa awali, mradi ana kumbukumbu za mgonjwa.

Ukilazimika kuja kwetu, leta vichupa vyenyewe, hata vikiwa vitupu. Kuniambia kwamba unameza “kidonge cheupe cha presha” hakunisaidii, maana vyeupe ni vingi mno. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam alete boksi pia, kwa kuwa salbutamol ya pumu huku huitwa albuterol, na glibenclamide ya sukari huitwa glyburide.

Usishangae nikikupima ingawa umefuata dawa tu. Lisinopril ya presha yaweza kupandisha potasiamu na haifai kwa mjamzito, na metformin ya sukari hutegemea hali ya figo. Kama hujapimwa damu kwa muda mrefu, huenda nikakupa siku chache tu na kukutaka upimwe, jambo ambalo wengine huliona kama usumbufu, nami sioni namna ya kuliepuka.

Dawa hazilingani kwa uharaka. Levothyroxine ya tezi hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo kukosa siku mbili si balaa. Lakini clonidine ya presha ikikatishwa ghafla, presha yaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa kabla ya tiba, na metoprolol ya presha na moyo ikikatishwa ghafla inaweza kumletea mwenye ugonjwa wa moyo maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo. Kwa hizo, na kwa insulini, usingoje Jumatatu.

Oxycodone ya maumivu makali na Adderall ya kusaidia umakini ziko katika kundi ambalo sheria ya shirikisho hairuhusu kabisa kujaziwa kwa cheti kilekile, na kliniki nyingi kama yetu haziziandiki. Alprazolam ya wasiwasi nayo kwa kawaida hatuiandiki, lakini usitufiche ikiwa umeitumia muda mrefu na imekuishia, kwani kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege. Ukianza kutetemeka au kuchanganyikiwa, nenda moja kwa moja idara ya dharura ya hospitali, ambayo kwa sheria ya mwaka 1986 inawajibika kukuchunguza hata kama huna bima.