Gavana Asiyetawala: Dhana Potofu Kuhusu Serikali za Majimbo ya India

Mkenya akisikia neno gavana, picha inayomjia ni ya mtu aliyezunguka vijijini kuomba kura, akashinda, na sasa ana bajeti ya kaunti mkononi. Mtanzania akisoma kwamba gavana wa India huteuliwa na Rais, humfananisha na mkuu wa mkoa. Wote wawili wamepotea, ila kila mmoja kwa njia yake. Watu wetu huenda Pune na Bengaluru kusoma, Chennai na Hyderabad kutibiwa, na habari za siasa za huko hutufikia nusunusu. Nyingi ya dhana zilizo hapa chini zimezaliwa na nusu hizo.

"Gavana ndiye mkuu wa serikali ya jimbo"

Kwenye karatasi, ndiye. Amri za serikali ya jimbo hutolewa kwa jina lake, yeye huapisha mawaziri, na kila mwanzo wa mwaka hulihutubia baraza la kutunga sheria. Lakini hotuba yenyewe huandikiwa na mawaziri. Ibara ya 163 ya Katiba inamtaka afanye kazi kwa ushauri wa baraza la mawaziri, na anayeliongoza baraza hilo ni mtu mwingine kabisa: mukhyamantri, yaani waziri kiongozi. Cheo hicho tunakifahamu, kwani Zanzibar ilikuwa nacho hadi 2010. Tofauti ni kwamba waziri kiongozi wa Zanzibar alikuwa na Rais wa Zanzibar juu yake, mwenye madaraka kweli kweli. Wa India, aliye juu yake amebaki na mhuri.

Gavana huletwa na Delhi, yaani serikali kuu. Rais humteua kwa ushauri wa serikali kuu, kwa muhula wa miaka 5, na anaweza kumwondoa siku yoyote. Kwa desturi hatoki katika jimbo analopelekwa, na tangu 1956 Katiba inaruhusu mtu mmoja kuwa gavana wa majimbo mawili au zaidi kwa wakati mmoja. Kazi ambayo mtu mmoja anaweza kuifanya sehemu mbili kwa pamoja si kazi ya kutawala, kwa maoni yangu.

Hata hivyo usimdharau. Zipo siku ambazo mhuri huo una uzito, hasa pale uchaguzi unapomalizika bila chama chochote kupata zaidi ya nusu ya viti. Hapo gavana ndiye huamua nani aitwe kwanza kuunda serikali. Karnataka, Mei 2018: BJP, chama kilichokuwa kikitawala Delhi, kilipata viti 104 kati ya 222 vilivyopigiwa kura, vingi kuliko chama kingine chochote lakini pungufu ya nusu. Gavana alimwapisha B.S. Yediyurappa wa chama hicho kuwa waziri kiongozi na kumpa siku 15 za kuthibitisha kwamba anaungwa mkono na walio wengi. Siku 15 ni nyingi sana kwa mtu anayetafuta wabunge wachache wa kumalizia hesabu, na kila mtu alijua hivyo. Mahakama ya Juu ikaingilia, ikaamuru kura ipigwe tarehe 19 Mei. Yediyurappa alijiuzulu kabla kura haijapigwa. Mwaka uliofuata, huko Maharashtra, Devendra Fadnavis, naye wa BJP, aliapishwa asubuhi mapema ya Novemba 23, nchi ikiwa bado inanawa uso. Tarehe 26 akawa amejiuzulu, baada ya mahakama kuamuru naye akahesabiwe kura barazani.

Pia kuna miswada. Haiwi sheria bila saini ya gavana, naye anaweza kuurudisha mswada au kumpelekea Rais. Magavana wa Tamil Nadu, Kerala na Punjab, majimbo yaliyokuwa mikononi mwa vyama vinavyopingana na Delhi, wameshapelekwa Mahakama ya Juu na serikali za majimbo hayo kwa kukalia miswada. Ugomvi huu haujazimika, na sioni utakavyozimika wakati anayemteua gavana na anayeongoza jimbo wanatoka vyama viwili vinavyochukiana.

"Waziri kiongozi huchaguliwa moja kwa moja na wananchi"

Mabango ya kampeni yana sura yake, kwa hiyo kosa hili linasameheka. Wananchi huchagua wajumbe wa Vidhan Sabha, baraza la kutunga sheria la jimbo, mmoja kwa kila eneo. (Kwa Kiswahili maeneo hayo nayo tungeyaita majimbo, ndiyo maana nakwepa neno hilo hapa.) Mwenye wajumbe wengi nyuma yake ndiye waziri kiongozi, na wakimkimbia, cheo kinakwenda nao.

Si lazima hata awe mjumbe siku anapoapishwa. Katiba inampa waziri yeyote miezi 6 ya kutafuta kiti. Mfano mzuri ni Mamata Banerjee wa West Bengal. Mwaka 2021 chama chake kilishinda kwa kishindo, lakini yeye mwenyewe aliangushwa katika eneo la Nandigram. Aliapishwa hivyo hivyo, kisha akagombea Bhabanipur katika uchaguzi mdogo na kushinda kabla miezi yake haijaisha. Mwaka 2011 pia alianza kazi bila kiti barazani, kwa kuwa alikuwa akitoka Bunge la taifa huko Delhi.

Hawezi vilevile kugawa uwaziri kama pipi za harusi, ingawa zamani ilifanyika hivyo ili kuwashika wajumbe wenye miguu myepesi. Marekebisho ya 91 ya Katiba, ya mwaka 2003, yaliweka kikomo: mawaziri, pamoja na waziri kiongozi, wasizidi asilimia 15 ya wajumbe wa baraza. Uttar Pradesh, yenye wajumbe 403, haivuki mawaziri 60. Sikkim ina wajumbe 32, na asilimia 15 yake haifiki hata watu 5, kwa hiyo majimbo madogo yameruhusiwa kufika 12.

"Kila jimbo lina mabaraza mawili ya kutunga sheria"

Ni 6 tu kati ya 28: Uttar Pradesh, Bihar, Maharashtra, Karnataka, Andhra Pradesh na Telangana. Baraza lao la pili, lile la juu, linaweza kuuchelewesha mswada wa kawaida miezi 4, halafu basi. Tamil Nadu ililifuta lake 1986.

"Ni shirikisho kama Marekani, tena majimbo yalijiunga kwa hiari"

Hapa ndipo wasomaji wengi huteleza, kwa sababu ramani zinafanana. Lakini jimbo la India halina katiba yake. Jammu na Kashmir lilikuwa nayo, likaipoteza 2019. Uraia ni mmoja. Mahakama ni ngazi moja iliyonyooka: hakuna mahakama za jimbo upande huu na za taifa upande ule, na majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais. Mahakama Kuu zenyewe ni 25 tu kwa majimbo 28, kwa hiyo baadhi ya majimbo yanachangia. Ile ya Bombay, ambayo enzi za ukoloni iliwahi kusikiliza rufaa kutoka Zanzibar, leo inahudumia Maharashtra na Goa. Hata katika baraza la juu la Bunge la Delhi majimbo hayako sawa: Uttar Pradesh ina viti 31, Goa kimoja.

Zaidi ya yote, jimbo halina uhakika na mipaka yake. Kwa ibara ya 3, Bunge la Delhi linaweza kuligawa jimbo, kulibadilisha jina au kuliunganisha na lingine kwa wingi wa kawaida wa kura. Baraza la jimbo huulizwa maoni, lakini ridhaa yake haihitajiki. Januari 2014 baraza la Andhra Pradesh liliukataa mswada wa kuigawa Andhra. Februari Bunge likaupitisha. Juni 2 Telangana ikazaliwa, na Hyderabad ikiwa ndani yake. Seneti ya Marekani haina ubavu wa kuifanyia Texas hivyo.

"Basi Delhi ikichukia inaivunja serikali ya jimbo"

Zamani jibu lilikaribia kuwa ndiyo. Ibara ya 356 inamruhusu Rais kuliweka jimbo chini ya utawala wa Delhi endapo serikali yake haiwezi kuendeshwa kwa mujibu wa Katiba, na maneno hayo yalivutwa kama mpira. Julai 1959 serikali ya kikomunisti ya Kerala, chini ya E.M.S. Namboodiripad, iliondolewa ingawa ilikuwa na wingi barazani. Mwaka 1977 chama cha Janata kilipoingia madarakani kilivunja serikali za majimbo 9 kwa mpigo. Indira Gandhi aliporudi 1980, naye akavunja 9.

Kilichobadilisha mambo ni hukumu ya 1994 katika kesi ya S.R. Bommai, aliyekuwa waziri kiongozi wa Karnataka. Mahakama ya Juu ilisema wingi wa waziri kiongozi hupimwa ndani ya baraza, si sebuleni kwa gavana, na kwamba uamuzi wa kuvunja serikali unaweza kuchunguzwa mahakamani. Baadhi ya waliojaribu baadaye wameaibika: Julai 2016 mahakama iliirudisha madarakani serikali ya Arunachal Pradesh iliyokuwa imekwisha kuondolewa.

"Mkubwa wa wilaya ni kada wa chama tawala"

Mtu ambaye raia wa kawaida humwona kama serikali si gavana wala waziri kiongozi. Ni kolekta. Cheo hicho kilianzishwa 1772, enzi za Kampuni ya India Mashariki, kwa ajili ya kukusanya kodi ya ardhi, na jina limebaki ingawa kazi imetanuka: rekodi za ardhi, vibali, maafa ya mafuriko, uchaguzi, usalama kwa kushirikiana na mkuu wa polisi wa wilaya. Sehemu nyingine huitwa hakimu wa wilaya, kwingine naibu kamishna. Wakenya waliowahi kusimama kwenye foleni nje ya ofisi ya DC watamtambua haraka, maana ni ndugu wa tumbo moja la Mwingereza.

Ila huyu hakupewa kazi kwa sababu ya kadi ya chama. Kwa kawaida ni afisa wa IAS, utumishi wa umma unaoingiwa kwa mtihani wa taifa ambao mamia ya maelfu hufanya na wachache mno hupita. Akishafunzwa katika chuo cha Mussoorie, hupangiwa jimbo na kulitumikia miaka yake mingi. Ana mabwana wawili. Serikali ya jimbo inamlipa, inampangia kituo, inaweza kumsimamisha kazi, na inaweza kumhamisha hata baada ya miezi michache akiudhi wakubwa. Kumfukuza kabisa haiwezi. Hilo ni la Delhi. Juu kabisa ya ngazi hiyo jimboni yuko katibu mkuu wa jimbo, naye ni IAS vilevile.

"Polisi na sheria ni zilezile nchi nzima"

Makosa makubwa ya jinai yana sheria moja ya taifa, lakini polisi ni wa jimbo. Polisi wa Kerala hapokei amri kutoka kwa polisi wa Maharashtra. Pombe nayo ni mamlaka ya jimbo, na hili humgusa mgeni mapema: ukipanda treni Mumbai ukashuka Surat, umeingia Gujarat, jimbo walikotoka babu wa Wahindi wengi wa Afrika Mashariki, na huko pombe ni marufuku isipokuwa kwa kibali. Bihar iliipiga marufuku 2016.

"Delhi na Chandigarh ni majimbo"

Hapana, ni maeneo ya muungano, yaani yaliyo chini ya serikali kuu, ambayo yote yako 8. Delhi ina waziri kiongozi na baraza la wajumbe 70, lakini polisi wake wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya taifa.

Chandigarh ni kichekesho zaidi. Tangu 1966 ni mji mkuu wa Punjab na wa Haryana kwa pamoja. Mabaraza ya majimbo yote mawili hukutana katika jengo moja, na Mahakama Kuu ni moja. Mawaziri viongozi wawili wana ofisi humo, na hakuna kati yao anayeutawala mji wenyewe. Mji uko chini ya Delhi, na msimamizi wake, kwa utaratibu ulioanza 1984, ni gavana wa Punjab. Huko Punjab anasoma hotuba alizoandikiwa. Chandigarh anatawala.