Mkataba Ambao Jim Stewart Hakuusoma

Kwenye dawati letu la hakimiliki kuna swali tunaloulizwa mara kwa mara: "Wimbo nimetunga mimi, nimeimba mimi, inakuwaje si wangu?" Jibu refu limejaa vifungu vya sheria. Mimi hupenda kuanza na kisa cha Jim Stewart wa Memphis, Marekani, mwanzilishi wa Stax, lebo ya kurekodi na kutoa muziki. Alikuwa mfanyakazi wa benki, mtu aliyeshinda mchana kutwa na makaratasi ya fedha, na bado akatia saini asichokisoma.

Stewart alizaliwa mwaka 1930 Middleton, kijimji cha Tennessee. Mchana alikuwa benki, jioni akipiga fidla kwenye bendi za country. Muziki wa Wamarekani Weusi alikuwa haujui. Mwaka 1957 alianzisha lebo akaiita Satellite, akarekodi nyimbo za country ambazo hazikufika popote. Aliyemwokoa ni dada yake, Estelle Axton, aliyemzidi miaka 12. Estelle aliweka nyumba yake rehani, zikapatikana dola 2,500, wakanunua mashine ya kurekodia ya Ampex.

Mwaka 1960 walipanga jengo la sinema iliyofungwa, Capitol, mtaa wa East McLemore. Viti viling'olewa, mapazia mazito yakatundikwa kuzuia mwangwi, na chumba cha fundi mitambo kikawekwa jukwaani, pale palipokuwa na skrini. Sakafu ya sinema ina mteremko, na kuisawazisha ni pesa, kwa hiyo iliachwa hivyo hivyo. Wanaozifahamu rekodi za Stax husema ule mteremko ni sehemu ya sauti yake nzito. Mlangoni, kwenye kaunta ya bisi, Estelle akafungua duka la santuri. Vijana wa mtaani wakiingia kusikiliza, yeye anawahoji: hii umeipendea nini, na ile mbona umeirudisha? Majibu anayapeleka studio, hatua chache tu nyuma ya ukuta. Utafiti wa soko wa namna hiyo makampuni makubwa hayakuwa nao.

Jina Satellite lilikuwa tayari na mwenyewe California, hivyo mwaka 1961 wakaunganisha herufi za mwanzo za Stewart na Axton, ikawa Stax. Bendi ya studio ilikuwa na Booker T. Jones na Al Jackson Mdogo, Weusi, na Steve Cropper na baadaye Donald "Duck" Dunn, Wazungu, katika mji ambao sheria na desturi ziliwatenga watu hao hata mezani. Hata Otis Redding, aliyekuja kuwa mwimbaji nyota wa Stax, alifika mwaka 1962 akiwa dereva wa mwanamuziki mwingine. Kazi ya bosi wake haikwenda vizuri, muda ukabaki, akaomba ajaribu.

Sasa tuje kwenye karatasi. Baada ya nyimbo za Rufus Thomas na binti yake Carla kuanza kuuza, kampuni ya Atlantic ya New York ilikubali kusambaza santuri za Stax nchi nzima. Makubaliano yalikuwa ya kupeana mkono kati ya Stewart na Jerry Wexler wa Atlantic, na kwa miaka kadhaa yalikwenda vizuri. Mwaka 1965 ukaandikwa mkataba. Hapa wengi hukosea kusimulia: Stewart ndiye aliyetaka maandishi, tena kwa kujilinda. Alitaka kifungu kimruhusu kuondoka iwapo Wexler angeondoka Atlantic. Kifungu hicho alikipata. Vingine hakuvisoma.

Kila wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na melodi. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio siku ile. Rekodi mama ambayo nakala zote hutoka kwayo ndiyo masta. Stewart aliamini masta ni za Stax, na Atlantic kazi yao ni kusambaza tu. Mkataba ulisema vingine: masta za kazi zote zilizosambazwa ni mali ya Atlantic. Ni kama mkulima anayempa mwenye lori mahindi ayafikishe sokoni, kumbe karatasi aliyotia kidole gumba inasema shamba limehama.

Aligundua baada ya Atlantic kuuzwa kwa kampuni ya Warner Bros.-Seven Arts mwaka 1967. Wanunuzi walipofungua mafaili, katalogi ya Stax, yaani rekodi zake zote za kuanzia 1960, ilikuwa yao. Sam na Dave, waimbaji wawili waliokuwa wakijaza kumbi, kumbe walikuwa wameazimwa tu kutoka Atlantic, wakarudishwa. Na tarehe 10 Desemba mwaka huo huo ndege ya Otis Redding ilianguka ziwa Monona, Wisconsin, akafa pamoja na vijana wengi wa bendi ya Bar-Kays. Alikuwa ametoka tu kurekodi ule wimbo wake wa ghuba, "(Sittin' On) The Dock of the Bay", unaoishia kwa mluzi. Cropper aliumalizia akiwa na msiba, akaongeza sauti za mawimbi. Ulitoka Januari 1968, ukashika namba moja Marekani. Masta yake nayo ikabaki Atlantic.

Stax ilianza upya bila hazina yake. Al Bell, mmoja wa viongozi wa kampuni, alitoa albamu 27 kwa mkupuo mwaka 1969 ili wapate katalogi nyingine, na humo ndimo mwimbaji Isaac Hayes alimong'aa. Estelle aliondoka mwaka huo. Stewart alimuuzia Bell sehemu yake mwaka 1972, lakini kampuni ilipoyumba akarudisha fedha zake mwenyewe kuinusuru. Mwishoni mwa 1975 Stax ilifilisiwa, na baadaye Stewart akapoteza hata nyumba yake. Jengo la McLemore lilibomolewa mwaka 1989. Leo kiwanjani hapo kuna makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 2003.

Stewart mwenyewe alijificha. Mwaka 2002 alipoingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa rock and roll hakwenda, mjukuu wake ndiye aliyempokelea. Makumbusho walimwona mwaka 2018, mzee wa miaka 88, amekuja kukabidhi kitu. Ilikuwa fidla yake ya zamani. Alifariki Desemba 2022. Masta za miaka ile ya kwanza bado ziko mikononi mwa Warner.